Kosa namba 1034 na giza la mwezi

Kwa miezi mitatu ya mwaka 2018, seva ya zamani ninayoitunza katika ofisi moja ya wafanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza, ilikuwa ikitoa ujumbe uleule usiku wa manane, kisha ikifika asubuhi inakuwa nzima kabisa. Ujumbe huo ni kosa namba 1034 la MySQL, programu inayotunza data ya ofisi katika majedwali. Unasema kwamba faili la faharasa la jedwali si sahihi, na unaongeza ushauri: jaribu kulitengeneza. Makarani wa zamu waliufuata ushauri huo, nami niliufuata zaidi ya mara moja, na ninaandika haya hasa kwa sababu utii huo ulitupotezea data ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Mashine yenyewe ilinunuliwa mwaka 2010. Inaendesha CentOS 5, mfumo wa uendeshaji uliotoka mwaka 2007 na ukaacha kupokea masahihisho tarehe 31 Machi 2017, na juu yake imo MySQL 5.1, toleo ambalo kampuni ya Oracle, wenye MySQL, waliacha kulihudumia Desemba 2013. Programu ya ofisi, ambayo hupokea uzito kutoka kwenye mizani, hutoa risiti na kufunga hesabu ya kila lori linalopakiwa, iliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo PHP, toleo la zamani, ikitumia njia ya kuzungumza na MySQL iliyoondolewa kabisa katika PHP 7 mwishoni mwa mwaka 2015. Kwa hiyo ukipandisha PHP, programu inakufa. Na ukitaka programu iendelee kuishi, inakubidi uiachie mfumo uleule uliozeeka. Watu wengi wa fani yetu wakisikia habari kama hizo hushauri mashine itupwe na inunuliwe nyingine. Sikubaliani na ushauri huo unapotolewa kabla kosa halijajulikana, kwa kuwa data iliyoharibika ukiihamishia kwenye mashine mpya inabaki imeharibika, na nakala ya akiba isiyokamilika haikamiliki kwa kununua diski nyingine.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa umeme, na sioni kwamba ilikuwa dhana mbaya. Katika MySQL 5.1 majedwali huundwa kwa kawaida katika mtindo wa MyISAM, ambapo kila jedwali huwa na mafaili matatu: moja la muundo, moja la data yenyewe, na moja la faharasa ambayo ndiyo huiwezesha seva kuipata rekodi bila kupekua zote. MyISAM haina daftari la pembeni la kuandika kwanza kile inachotaka kufanya, kama lile lililomo katika InnoDB, mtindo mwingine uliokuja kuwa wa kawaida kuanzia toleo la 5.5 mwishoni mwa mwaka 2010. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, data inaweza kuwa imeshaingia na faharasa ikabaki nyuma, na hapo ndipo kosa la namba hii hutokea kihalali. Betri ya UPS yetu, kile kifaa cha kushikilia mashine umeme unapokatika, ilikuwa imechoka, kiasi kwamba ilihimili dakika chache tu. Nikaandika barua ya kuomba betri mpya, nikaamini nimemaliza kazi.

Betri ilichelewa, na makosa yakaja hata usiku ambao umeme haukukatika. Nikahamia kwenye vifaa. Nilipima kumbukumbu ya RAM kwa Memtest86+ kuanzia jioni hadi alfajiri, na haikuonyesha doa. Nilisoma takwimu ambazo diski hujiandikia yenyewe: sekta zilizohamishwa, ambazo huhesabiwa chini ya namba 5, zilikuwa kumi na moja na hazikuwa zimeongezeka tangu mwaka uliotangulia, sekta zinazosubiri uamuzi, namba 197, hazikuwapo kabisa, na namba 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano na ambayo mara nyingi humfichua waya mbovu, ilikuwa sifuri. Nikafungua kasha. Anayeishi karibu na ziwa anawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka kutoka majini kama moshi na kuifuata taa yoyote inayowaka. Walikuwa wamejaa katika mapanga ya feni na katikati ya mabati ya kupoozea, wamekauka na kushikamana kama pumba. Nikawatoa kwa brashi na pampu ya upepo, na joto la mashine likashuka kwa kiasi cha kuonekana. Nilifurahi, kwa kuwa ni jambo ambalo mtu anaweza kulionyesha kwa macho. Mwezi uliofuata kosa likarudi.

Hapo nikamwomba karani wa zamu ya usiku aandike katika daftari la kaunta kila kosa linapotokea, tarehe na saa. Aliandika kwa uangalifu mkubwa. Mstari mmoja ulisema: 13/7, saa 8:04 usiku. Nikaifungua logi ya seva, yaani lile faili ambalo MySQL huandikia matukio yake, nikaibadili saa nane usiku kuwa 02:04 kama tunavyofanya tunaposoma tiketi ya ndege, nikaitafuta tarehe 13 Julai saa 02:04. Hapakuwa na kitu. Nikaangalia mistari mingine mitatu ya daftari, yote ikawa hivyohivyo: karani ameliona kosa, seva haikuliona. Kutokana na hilo nikahitimisha kwamba kosa linazaliwa njiani, kati ya kompyuta ya karani na seva, nikatumia karibu wiki nzima kubadili nyaya za mtandao na swichi.

Kosa hapo lilikuwa langu. Siku moja saa saba mchana, nikiwa nimekaa mbele ya seva kwa kazi nyingine, niliiuliza saa ikanijibu 10:00. Saa yake ilikuwa inafuata wakati wa dunia, ule wa UTC, ambao uko nyuma ya wakati wetu wa Afrika Mashariki kwa saa tatu, na hakuna aliyewahi kuipanga vingine tangu mashine iwekwe. Kwa hiyo saa nane na dakika nne usiku wa karani, ambayo kwa saa ya kidijitali ni 02:04 ya tarehe 13, kwa seva ilikuwa 23:04 ya tarehe 12. Siku nzima nyuma kwa tarehe. Sisi tunaosema Kiswahili tumezoea kujumlisha na kutoa saa sita kichwani bila kufikiri, na nadhani mazoea hayo ndiyo yaliyonifanya nihisi kwamba hesabu ya kubadili saa nimeshaifanya, kumbe nilikuwa nimefanya moja kati ya mbili.

Nilipoitafuta 12 Julai saa 23:04, kosa lilikuwapo, na lilikuwa refu kuliko lilivyoonekana kwenye skrini ya karani. Programu ya ofisi huukata ujumbe mrefu na kuonyesha maneno ya mwanzo na ya mwisho, kisha chini yake huweka kitufe kilichoandikwa "Tengeneza", ambacho fundi aliyenitangulia alikiweka kwa nia njema ili makarani wasimwamshe usiku. Ukikibonyeza, hutuma amri ya REPAIR TABLE kwa majedwali yote, moja baada ya jingine. Maneno ya katikati yaliyokatwa ndiyo yaliyobeba habari. Faili lililolalamikiwa halikuwa la jedwali letu hata moja. Lilikuwa ndani ya /tmp, saraka ya mafaili ya muda, na jina lake lilianza na alama ya reli na herufi sql, yaani jedwali la muda ambalo MySQL hujitengenezea yenyewe inapoombwa kupanga au kujumlisha kitu kikubwa, na hulifuta mara kazi inapokwisha.

Kosa 1034 kwenye jedwali la kudumu na kosa 1034 kwenye jedwali la muda yana maneno yaleyale, lakini si jambo moja. Jedwali la muda limezaliwa sekunde chache zilizopita. Haliwezi kuwa limeharibiwa na umeme wa juzi wala na uzee wa diski kwa miaka minane. Faharasa yake ikiwa si sahihi, sababu ya kwanza ya kuitafuta ni kwamba seva ilitaka kuliandika ikakosa mahali pa kuandikia. MyISAM haisemi "nafasi imekwisha" katika hali hiyo. Inasema kile ilichokikuta iliposoma tena faili, na ilichokikuta ni faharasa isiyofika mwisho. Seva ilikuwa inasema kweli kuhusu ilichokiona, nasi tukadhani inatupa sababu.

Basi nikaangalia /tmp. Ilikuwa patisheni yake yenyewe, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, ya gigabaiti 2, na asilimia 3 tu ndiyo iliyotumika. Nikaangalia tena siku iliyofuata, na siku ya tatu. Asilimia 3. Kwa siku kadhaa niliiacha dhana hiyo, jambo ambalo sasa naona halikuwa sahihi, kwa sababu jedwali la muda likikosa nafasi hufutwa palepale, na nafasi yote iliyokuwa imejaa hurudi ndani ya sekunde moja. Ukija kupima asubuhi unapima nyumba ambayo wageni wamekwisha kuondoka.

Nilichohitaji kujua ni kwa nini usiku, na kwa nini usiku fulani tu. Sasa nilikuwa na tarehe za kweli, nikazipanga kutoka kwenye logi: 13 hadi 18 Juni, 12 hadi 16 Julai, 10 hadi 15 Agosti. Nilikuwa nimeshika wazo la kazi ya mwisho wa mwezi, kama kufunga mahesabu, lakini tarehe hizi zilikuwa katikati, na kila mara zilirudi nyuma kwa siku moja au mbili. Hakuna kazi ya kompyuta niijuayo inayorudi nyuma hivyo. Nilizibandika ukutani kwenye karatasi.

Asubuhi moja mzee anayesimamia mizani, ambaye katika ujana wake alivua dagaa upande wa Ukerewe, aliingia ofisini akanikuta nimeikodolea macho karatasi hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Bado unahangaika na hilo jini lako?"

Nikamweleza kwamba natafuta kitu kinachotokea tarehe hizi na hakitokei nyingine. Akazisoma kwa kidole, polepole, akarudi kwenye zile za Juni.

"Hizi za Juni zilikuwa Idi. Tulikuwa tunangoja mwezi uandame. Na hizi nyingine ni hivyohivyo, ni siku za giza. Hivi wewe hujui kwamba sisi hapa hatuhesabu tarehe?"

Nilikuwa nalijua jambo hilo, kama anavyolijua kila mtu wa Mwanza, ila sikuwahi kulileta mbele ya seva. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola, lakini kanuni ni ileile: dagaa huufuata mwanga palipo giza, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa na mwanga, taa ya mvuvi haina nguvu, mitumbwi hupumzishwa na nyavu hushonwa. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu kutoka kuandama hadi kuandama, ilhali miezi ya kalenda, ukiacha Februari, ina 30 au 31, kwa hiyo giza hurudi nyuma kidogo kila mwezi, kama Ramadhani inavyorudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Nilitazama kalenda: mwezi mwandamo wa mwaka huo ulikuwa tarehe 13 Juni, 13 Julai na 11 Agosti.

Baada ya hapo sehemu iliyobaki ilikuwa ya kuuliza watu. Siku za mbalamwezi ofisi hufungwa jioni. Siku za giza mzigo ni mwingi, dagaa waliokaushwa mchana hupimwa hadi usiku, na malori yanayokwenda Zambia, Kongo na Dar es Salaam hupakiwa kwa taa. Lori likishajaa, karani huomba taarifa ya kufunga mzigo, ambayo hukusanya risiti zote za msimu, huziunganisha na majina ya wauzaji na mialo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia mzigo, huzijumlisha kwa kila mwalo na kuzipanga kwa uzito. Taarifa hiyo haiombwi usiku wakati wowote mwingine. Ndani yake pia mlikuwa na safu ya maelezo, iliyoundwa kama maandishi marefu yasiyo na kikomo, na katika MySQL ya umri huu safu ya aina hiyo ikiwamo, jedwali la muda haliruhusiwi kukaa kwenye kumbukumbu; huandikwa moja kwa moja kwenye diski, yaani /tmp. Nilikuwa nimewahi kuongeza ukubwa wa majedwali ya muda yanayokaa kwenye kumbukumbu, kutoka megabaiti 16 za kawaida hadi 128, bila kuona tofauti yoyote, na sasa nilielewa kwa nini.

Lakini taarifa peke yake haikuweza kujaza gigabaiti 2. Niliipima mchana kwa data ileile, ikatumia kama megabaiti 600 ikamaliza salama. Lazima palikuwa na mwingine anayekula katika sahani hiyohiyo saa hiyohiyo, nami nilipofungua ratiba ya kazi za usiku nilimkuta. Ilikuwa kazi ya nakala ya akiba. Fundi aliyenitangulia aliipanga ianze saa 23:00, bila shaka akikusudia saa tano usiku, muda ambao ofisi imelala na hakuna malori yanayofungwa. Kwa kuwa saa ya mashine ni ya UTC, ilikuwa inaanza saa nane usiku kamili, ambayo siku za giza ndiyo saa ya kumalizia malori. Iliitoa hifadhidata nzima kama maandishi ndani ya /tmp kwanza, kisha ikayabana, kisha ikayahamishia diski ya nje na kufuta kilichobaki. Mwaka 2010 maandishi hayo yalikuwa madogo. Mwaka 2018 yalikuwa yamefika gigabaiti 1.3, na faili lililobanwa lilikaa kando yake kwa dakika kadhaa kabla ya kuhama. Hili pia lilieleza malalamiko ambayo makarani walikuwa wameacha kuyatoa kwa kuyazoea: kwamba kuanzia saa nane usiku risiti mpya haziingii, programu inaganda. Wakati wa kutoa nakala, majedwali hufungwa yasiandikwe, ingawa kusoma kunaruhusiwa, ndiyo maana taarifa iliendelea kusoma huku risiti zikingoja.

Sikutaka kuamini hesabu tupu. Mwezi wa Septemba uliandama tarehe 9, na usiku wa kuamkia tarehe 11 nilikaa ofisini. Niliandika amri fupi ya kupima nafasi ya /tmp kila sekunde kumi na kuiandika, pamoja na wakati, kwenye diski tofauti. Saa nane kamili namba zikaanza kupanda: asilimia 20, 41, 58. Lori la mwisho lilifungwa saa nane na dakika tano, karani akaomba taarifa. Asilimia 74, 88, 97, 100. Kwenye skrini yake likatokea kosa 1034, na kipimo kilichofuata kikasoma 70. Nilimzuia mkono asibonyeze kitufe. Tukasubiri hadi nakala ikamalizika na kufutwa, akaomba taarifa tena, ikatoka yote bila kutengeneza chochote.

Nilitembea hadi mwaloni nikashangilia peke yangu, upepo wa ziwa ukiwa baridi. Nilipokuwa narudi ndipo lilipokuja swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Patisheni ikijaa, si lazima mnyonge awe taarifa. Anayeshindwa ni yule anayeomba nafasi sekunde ile ambayo haipo. Usiku mwingine anayeomba ni taarifa. Usiku mwingine ni nakala ya akiba.

Chombo cha mysqldump, ambacho ndicho hutoa nakala hiyo, kinapomaliza kazi yake salama, huandika mstari wa mwisho unaokiri kwamba utoaji umekamilika, pamoja na tarehe. Nilizifungua nakala za miezi mitatu, moja moja, nikisoma mwisho wake tu. Nakala za siku za mbalamwezi zilikuwa na mstari huo. Za siku za giza, saba kati yake hazikuwa nao; zilikatika katikati ya sentensi, moja ikiwa katikati ya jina la muuzaji. Kwa kuwa majedwali hutolewa kwa mpangilio wa alfabeti, kila iliyokatika ilikuwa na mialo na malori kamili, lakini mara nyingi risiti zilikuwa nusu na wauzaji hawakuwamo kabisa. Kazi ile ya usiku haikuuliza kama utoaji umefaulu. Ilibana kilichopo, ikakihamisha, ikakipa jina la tarehe, nasi tukaona orodha ndefu ya mafaili na kulala usingizi. Siku ambazo ofisi ilikuwa na shughuli nyingi zaidi, na kwa hiyo yenye mengi ya kupoteza, ndizo siku ambazo haikuwa na nakala. Hili lilinishtua kuliko kosa lenyewe, na hata leo nikiingia katika ofisi ya mtu na kuonyeshwa nakala zake, huomba nifungue moja na kusoma mwisho wake.

Marekebisho hayakuchukua siku mbili. Nilihamisha saraka ya muda ya MySQL kwenda kwenye patisheni kubwa, jambo linalohitaji kuzima na kuwasha seva kwa kuwa mpangilio huo haubadiliki ikiwa inaendesha. Nakala ya akiba sasa inabanwa ikiwa inatoka na kuandikwa moja kwa moja kwenye diski ya nje, bila kupitia /tmp. Na hapo pana mtego mmoja, kwamba ukiunganisha amri mbili kwa bomba, ganda la bash, yaani programu inayopokea amri hizo, hutoa hukumu ya amri ya mwisho peke yake, hivyo mysqldump inaweza kushindwa na jibu likawa "salama" kwa sababu kubana kumefaulu. Unapaswa kuwasha mpangilio wa pipefail, unaohesabu kushindwa kwa amri yoyote kati ya hizo, na hata hivyo bado ninautafuta ule mstari wa mwisho kabla ya kuifuta nakala ya zamani. Nilipanga saa ya mashine kuwa ya Dar es Salaam, na kazi ya nakala nikaihamishia saa kumi alfajiri. Niliondoa safu ya maelezo katika taarifa, maana nilipouliza hakuna aliyekuwa anaisoma. Na nilikiondoa kitufe cha "Tengeneza".

Kitufe hicho ndicho kinachonirudisha kwenye data niliyosema tuliipoteza. Kutengeneza jedwali la MyISAM si jambo jepesi kama jina lake. Seva hulipitia jedwali lote na kuijenga faharasa upya, kazi ambayo nayo huhitaji nafasi ya muda, na diski ikijaa katikati ya kazi hiyo jedwali huwekewa alama kwamba limeharibika. Umeme ukikatika katikati, ni lazima amri hiyohiyo irudiwe mara seva inapowaka, kabla ya mtu kugusa kitu kingine. Usiku wa 14 Julai karani alipata kosa 1034, akabonyeza kitufe kama tulivyomfundisha, na umeme ukakatika huku betri ya UPS ikiwa bado ni ileile ya zamani. Seva ilipowaka, risiti mpya ziliingizwa kwanza, kisha kitufe kikabonyezwa tena. Katika logi, mstari wa usiku huo unasema kwamba rekodi 41,207 zilipatikana kati ya 41,220 wakati wa kutengeneza jedwali la risiti. Mstari huo ulikuwa umekaa pale miezi miwili bila mtu kuusoma.

Risiti kumi na tatu. Nilikwenda kuzitafuta kwenye nakala ya akiba ya usiku uliotangulia, nayo ilikuwa mojawapo ya zile saba. Basi mimi, karani na mama mhasibu tulikaa Jumamosi mbili tukilinganisha vishina vya vitabu vya risiti na jedwali, namba kwa namba, tukisoma kwa sauti, mmoja akitazama karatasi na mwingine skrini. Jumamosi ya kwanza tulipata tisa. Ya pili tukapata tatu, mbili kati ya hizo zikiwa kwenye kishina kilicholowa maji na kushikamana, tukazibandua kwa wembe. Tumeziingiza tena kwa namba zake za zamani, na kwenye daftari la kaunta tumeandika tarehe ya kuziingiza na majina ya waliokuwapo.

Ya kumi na tatu hatujaipata. Namba yake tunaijua, kwa kuwa zilizoitangulia na zilizoifuata zipo, nazo ni za mzigo ulioshuka asubuhi moja kutoka Kome. Mama mhasibu amewapigia simu wauzaji wanne wa kisiwa hicho waliofika siku hiyo, na watatu wamesema hesabu zao ziko sawa. Wa nne simu yake haipatikani. Mzee wa mizani amesema atamwulizia giza lijalo, mitumbwi ikirudi.